Tutunze Cheni na Sproketi za Pikipiki za Chama

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya Makatibu na Wanachama wa vyama, Kurasini, Dar es Salaam



Najua wengi wenu mmekuja mkitazamia kwamba mkaguzi atazungumza juu ya vitabu vya hesabu, hati za malipo na mizania. Hayo nitayafikia, ila leo nitapita mlango mwingine. Nataka tuzungumze juu ya kitu cheusi chenye mafuta ambacho aghalabu hatukitazami mpaka kimekatika. Kitu hicho ni cheni ya pikipiki, pamoja na lile gurudumu la meno lililoko nyuma ambalo mafundi huliita sproketi.

Huenda mtu akauliza, mkaguzi wa ushirika na cheni wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba mali ya vyama vingi vya mjini siku hizi imo juu ya magurudumu mawili. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki zinazobeba abiria, vijana wetu wengi wamepata riziki kwa njia hiyo, na vyama vya akiba na mikopo vimewakopesha fedha za kununulia vyombo. Vyama vingine vimenunua vyombo vyenyewe na kuwakabidhi wanachama kwa hesabu ya kila siku. Pikipiki ikisimama, marejesho husimama. Marejesho yakisimama, mama aliyeweka akiba yake kwa miaka mitatu ili apate mkopo wa kupanua genge lake huambiwa angoje. Kwa sababu hiyo cheni nayo ni jambo la hesabu.

Kosa langu mwenyewe

Ndugu zangu, nianze kwa kukiri kosa. Kilikuwako chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, chenye pikipiki tano. Nilikwenda kukikagua kama kawaida. Katika vitabu niliona kwamba pikipiki nne zilinunuliwa seti mbili mbili za cheni na sproketi kwa mwaka. Pikipiki ya tano ilinunuliwa seti tano. Hati zote tano zilikuwa zimetiwa sahihi na karani wa stoo, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Mkaguzi aliyezoea kazi yake huona jambo kama hilo na moyo wake humwambia: hapa pameliwa. Nikamwita yule kijana, nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu, “Mzee, seti zote zilifungwa. Vyuma vya zamani ninavyo stooni, nimevitia katika gunia. Twende nikuonyeshe.”

Sikwenda. Nilikuwa na haraka, na nilijiambia kwamba vyuma chakavu vinaokotwa popote. Nikaandika hoja ya ukaguzi. Kamati, kwa kuiheshimu hoja yangu, ikamsimamisha kazi yule kijana akisubiri uchunguzi. Alikaa nyumbani miezi miwili.

Mwezi wa tatu nilirudi kufuatilia hoja. Siku hiyo nilitaka kwenda ng’ambo ya Kigamboni, na pikipiki iliyokuwa tayari ni ile ile ya tano. Nikapanda nyuma. Tulivuka Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016 na kuiunganisha Kurasini na Kigamboni, tukaacha lami na kuingia njia za mchanga. Dereva akanieleza kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kila alfajiri, kwenda pwani kuchukua samaki na kuwarudisha sokoni. Nikainama kutazama. Cheni ilikuwa wazi kabisa, haina kava juu wala chini. Gurudumu lilikuwa likichota mchanga wenye maji ya chumvi na kuumwagia juu ya cheni iliyopakwa oili chafu. Mchanga ulikuwa umeganda kama unga juu ya andazi.

Nilipofika ofisini niliomba ufunguo wa stoo. Gunia lilikuwapo. Ndani yake mlikuwa na cheni tano na sproketi zake, kila seti imefungwa kwa waya na kuandikwa tarehe kwenye kipande cha boksi. Tarehe zililingana na hati. Meno ya zile sproketi yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama meno ya papa.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Nikasoma kitabu cha kumbukumbu za vikao. Humo nikakuta kwamba dereva alikuwa ameomba shilingi 8,000 za kurudishia kava iliyong’oka kwa sababu vishikizo vyake vimekatika. Ombi liliahirishwa kikao cha kwanza na kikao cha pili. Kikao cha tatu halikutajwa tena.

Niliandika barua ya kufuta hoja yangu. Kijana akarudishwa kazini na kulipwa haki zake. Lakini ninyi mwajua kwamba barua haifuti maneno ya mtaani. Mwenye nyumba aliyoipanga alikwisha kusikia, na watu wa ukwe wake vile vile. Hilo liko juu yangu, na ndilo lililonifanya nijifunze habari za cheni kwa mafundi na katika vitabu vya maelekezo ya vyombo. Ninayowaeleza sasa ni yale niliyojifunza.

Jinsi cheni inavyokwisha

Cheni ya pikipiki ni ya namna ile iliyobuniwa na Hans Renold huko Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila kiungo kina pini, juu ya pini kuna mrija mdogo, na juu ya mrija kuna rola inayokaa katikati ya meno ya sproketi. Mafuta hutakiwa kuwa baina ya pini na mrija, na baina ya mrija na rola. Hapo ndipo chuma husugua chuma.

Watu husema cheni “imevutika”. Kwa hakika chuma hakivutiki kama mpira. Kila pini na kila mrija umelika kidogo sana, pengine chini ya unene wa unywele. Lakini cheni ina viungo zaidi ya mia moja, na kidogo cha kila kimoja kikijumlishwa cheni nzima hurefuka. Ikisharefuka, nafasi baina ya rola na rola hailingani tena na nafasi baina ya jino na jino. Rola hupanda juu ya jino badala ya kukaa shinani mwake, na jino huanza kulika upande mmoja mpaka likawa ndoana. Mwisho cheni huruka meno, au hutoka kabisa, au hukatika. Ikitoka mwendoni yaweza kulizuia gurudumu la nyuma ghafla, na dereva na abiria wake wakaanguka mbele ya magari makubwa ya bandarini. Hapo hasara haihesabiwi tena kwa shilingi.

Adui mkubwa wa viungo hivyo ni mchanga. Mchanga mkavu peke yake hudondoka. Mchanga uliochanganyika na mafuta mazito hushika, ukawa kama msasa unaosugua pini usiku na mchana. Ndiyo maana nasema oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini si dawa ya cheni. Imekwisha kubeba masizi na chembe za chuma, nayo hunasa vumbi. Katika sehemu zetu hizi adui wa pili ni chumvi. Upepo wa bahari na maji ya pwani huleta kutu, na kutu ikiingia katika viungo, hukaza vingine na kuviacha vingine vikilegea.

Kwa nini kava ni lazima

Kule Unguja baadhi yenu mmeona pikipiki za magurudumu manne wanazopanda watalii. Vyombo vya jamii hiyo vilianza kuuzwa na kampuni ya Honda mwaka 1970, wakati huo vikiwa na magurudumu matatu. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo na mbio nyingi hutumia cheni, na sproketi yake ya nyuma imefungwa katika ekseli moja ndefu baina ya magurudumu mawili madogo. Kwa hiyo iko karibu sana na ardhi. Jiwe moja au kisiki kimoja chaweza kulipinda jino na kuitoa cheni. Wenye vyombo hivyo hawangoji ajali, bali hufunga chini ya sproketi bamba nene la aluminiamu au la plastiki ngumu, ili jiwe lipige bamba. Bamba likichakaa hubadilishwa, na sproketi husalimika.

Pikipiki zetu zina gurudumu kubwa zaidi, na sproketi yake iko juu kidogo. Hatuna haja ya bamba lile. Lakini kanuni ni ile ile: kitu kinachokaa chini na kufanya kazi katika uchafu hapana budi kifunikwe. Pikipiki nyingi ndogo huja kutoka kiwandani na kava ya cheni. Sisi ndio tuitoao. Dereva huitoa kwa sababu inapiga kelele, fundi huisahau chini ya benchi, na Kamati haiulizi.

Kava ikipiga kelele, dawa yake si kuitupa. Kateni kipande cha tyubu ya zamani, mkiweke baina ya kava na kishikizo chake kabla ya kukaza bolti. Kishikizo kikikatika, fundi wa kuchomelea hukiunga kwa muda mfupi. Kava ikipotea kabisa, mafundi wa bati wa Gerezani wanaweza kuitengeneza mkiwapelekea mfano. Pia fungeni kipande cha mpira chini ya madigadi, kipunguze tope na mchanga unaorushwa na gurudumu. Vitu hivi ni vya bei ndogo sana.

Kava inaikinga cheni dhidi ya mchanga, nayo inawakinga watu dhidi ya cheni. Akina mama zetu hupanda pikipiki wamevaa kanga, madera na mabaibui, na wengine hukaa upande. Pindo la kanga likishikwa baina ya cheni na sproketi, pikipiki haina huruma. Chama kinachoruhusu pikipiki yake ibebe abiria bila kava kinacheza na maisha ya mtu.

Utunzaji wa kila wiki

Nitaeleza kwa ufupi yale ambayo kila dereva anaweza kufanya bila fundi.

Kwanza, injini izimwe. Mafuta yasipakwe wala cheni isifutwe injini ikiwa inazungusha gurudumu. Wapo watu waliopoteza vidole vyao kwa kutaka kuokoa dakika mbili. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono.

Pili, safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha ifute kwa kitambaa mpaka ikauke. Usitumie petroli, hasa kwa cheni zenye pete ndogo za mpira katika viungo, kwani petroli huziharibu pete hizo.

Tatu, paka oili safi ya gia, namba 90, upande wa ndani wa cheni, polepole, huku ukizungusha gurudumu. Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi, cheni ingali na joto, ili mafuta yapate usiku mzima wa kuingia ndani. Asubuhi futa yaliyobaki nje. Mafuta ya nje hayana kazi ila kukusanya vumbi. Fanya hivyo kila kilomita 500 hivi, ambazo kwa pikipiki ya biashara ni mara moja hadi mbili kwa wiki, na mapema zaidi ikiwa imepita mchangani au katika maji.

Nne, pima ulegevu. Sukuma cheni juu na chini katikati ya upande wake wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo yafaa icheze baina ya milimita 20 na 30, yaani kama upana wa kidole gumba, lakini fuata kitabu cha chombo chako. Zungusha gurudumu na upime mahali pengine pia, maana cheni iliyolika hukaza hapa na kulegea pale. Cheni iliyokazwa mno huua beringi na kujila yenyewe. Iliyolegea mno huruka. Unapoikaza, hakikisha alama za pande zote mbili za gurudumu zinalingana, la sivyo sproketi italika ubavuni.

Tano, tazama kiungo cha kufungia cheni. Kile kiklipu chake lazima upande uliofumba uelekee kule cheni inakokwenda, na upande ulio wazi ubaki nyuma. Kikifungwa kinyume chaweza kuchomoka.

Sita, pima urefu. Hili nawaomba Makatibu mlisikilize, kwa kuwa linaweza kuandikwa katika daftari. Cheni ya namba 428, inayotumika katika pikipiki nyingi ndogo, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ukipima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya ishirini na moja, cheni mpya hutoa milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Futi kamba ya fundi cherehani yatosha kwa kazi hiyo, mradi cheni imenyooshwa.

Cheni ikisha, badilisheni seti nzima, yaani cheni, sproketi ya nyuma na ile ndogo ya mbele. Cheni mpya juu ya meno ya zamani hufa upesi. Na msiisahau ile ya mbele kwa kuwa imefichika. Ikiwa mbele kuna meno 14 na nyuma 42, kila jino la mbele hufanya kazi mara tatu kwa kila mara moja ya jino la nyuma.

Daftari na gunia

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Tuchukue mfano. Pikipiki ikienda kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka huenda kilomita 37,440. Kwa seti mbili, kila seti imefanya kazi kilomita 18,720. Kwa seti tano, kila moja imefanya kazi kilomita 7,488 tu. Tuseme seti moja ni shilingi 35,000, na kila kubadilisha hupoteza siku moja ya hesabu ya shilingi 10,000. Zile seti tatu za ziada zimekula shilingi 135,000. Kava iliyonyimwa matengenezo ilihitaji 8,000.

Kama kilomita hizo zingalikuwa zimeandikwa katika daftari la chombo, pamoja na njia inayopitwa na vipimo vya cheni, mimi nisingalimshuku mtu. Ningaliuliza kwa nini chombo hiki kinakula cheni, badala ya kuuliza nani anakula fedha. Napendekeza kwenu mambo manne.

La kwanza, kila pikipiki iwe na daftari lake. Ndani yake iandikwe kilomita za kila juma, siku ya kupaka mafuta, kipimo cha cheni kila mwezi, na sahihi ya dereva. Mita ikiwa imekufa, ziandikwe siku za kazi na njia.

La pili, seti mpya isitolewe stooni mpaka ya zamani imeletwa. Ya zamani ifungwe, iandikwe tarehe na namba ya pikipiki, ihifadhiwe mpaka ukaguzi upite. Baadaye iuzwe kama chuma chakavu kwa stakabadhi, na fedha ziingizwe kitabuni.

La tatu, kava ya cheni iandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na vioo na taa. Asiyekuwa nayo asitoke barabarani.

La nne, ombi dogo la matengenezo lisiahirishwe mara mbili. Kamati impe Katibu masurufu ya kiasi kilichowekwa, amalize jambo siku hiyo hiyo na kulitolea hesabu kikaoni.

Na kwetu sisi wakaguzi naongeza la tano. Mkaguzi akiambiwa kuna gunia stooni, ainuke akalitazame.

Ndugu zangu, yule karani bado anafanya kazi katika chama kile. Pikipiki ya tano ilirudishiwa kava yake, nayo ingali ikivuka daraja kila alfajiri kufuata samaki. Mwaka uliofuata ilitumia seti mbili kama wenzake. Nilipokwenda kukagua, kijana alinikaribisha kiti, kisha bila kuulizwa akachukua ufunguo wa stoo, akasimama mlangoni akinisubiri. Safari hii nilikwenda.